Mwezi Ulipopatwa, Wifi Akaanguka

Mwezi uligeuka mwekundu kama chungu kipya, na wifi yangu akaanguka.

Hapa Kilwa Masoko kila mtu ana maelezo yake. Haya ni yangu, na hayanipendezi.

Nilikuwa mgeni wa nyota. Ndiyo kwanza nimejua kwamba nyota humetameta, sayari hutulia. Nikanunua darubini ya mtumba, ile ya kushika kwa mikono miwili. Tangu hapo sikuambiliki.

Batuli, mke wa kaka yangu Twalib, alikuwa mja mzito. Mimba mbili za mwanzo ziliharibika. Kaka yuko Mtama kwenye biashara ya ufuta. Katuachia sisi tumwangalie.

Mama akapiga marufuku mapema.

“Mwezi ukipatwa, mja mzito hakanyagi uani. Mtoto atatoka na alama.”

“Mama, hicho ni kivuli cha dunia tu. Kivuli kimemng’ata nani?”

“Haya, mwenye diploma. Endelea.”

Usiku huo, mama alipoingia chumbani kuswali swala ya kupatwa kwa mwezi, nikamkonyeza Batuli.

“Wifi, twende.”

“Mama je?”

“Yupo kwenye swala. Unaogopa nini?”

Akacheka. Akatoka taratibu, mkono kiunoni.

Jamani, mbingu ile!

Kadiri mwezi ulivyofifia, nyota zilizozimwa na mwanga wake zikachomoza mojamoja. Nikaiona sayari ya Zohali pembeni. Zohali yangu ya kwanza! Nikaganda kwenye darubini. Dunia nikaisahau.

Kilichonirudisha ni kishindo.

Batuli alikuwa chini, kashika tumbo, khanga ina damu.

Mama akatoka mbio, tukakimbilia bajaji ya kwenda hospitali. Njia nzima mama analia, “Umemuua mtoto wa mwenzio kwa kiburi chako!”

Mtoto alizaliwa kimya.

Wauguzi wakamhangaikia. Mimi nje ya mlango, dua zote nilizofundishwa madrasa zimenipotea.

Kisha kilio. Chembamba, lakini kilio. Msichana, mwili mzima hana alama hata moja.

Asubuhi mama bado ananishushua mbele ya mzazi. Batuli akamkatiza kwa adabu.

“Mwezi hauna kosa, mama. Uchungu ulinianza tangu alasiri. Nilidhani tumbo la kawaida.”

Weee! Nikainua kichwa kama jogoo.

“Si nilisema, mama? Si nilisema?”

Batuli akanigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza.

“Nilikuita, wifi. Nimeshika ukuta, nakuita. Ulikuwa karibu kama ulivyo sasa.”

Wallahi sikumsikia. Ningeapa mbele ya kadhi. Lakini kutosikia ndilo kosa lenyewe, na halina kivuli cha kujifichia.

Mama hakunigombeza tena. Alimchukua mjukuu wake, akampakata, akatazama dirishani. Afadhali angenigombeza.

Nyinyi mnaoanza kutazama nyota, tazameni. Ni halali, ni nzuri, na mwezi haumdhuru mtu. Ila kila ukiinua darubini, ishushe. Geuka, umuulize uliyetoka naye, “U mzima?”

Na usirudi juu kabla hajakujibu.