Tak-tak ya Nyakulu

Walisema sitaweza. Jirani yetu wa Nyantende, mama aliyelima mihogo nyuma ya nyumba yetu, alilisema hilo mbele ya watu wote: "Huyu? Ataenda kukula bunga yetu uko Uvira, atarudia na viatu ya kungaa tu. Ao hatarudia kabisa." Leo nina gereji yangu huku Nguba, mjini. Diploma yangu ya umekanika nimeitundika mahali ambapo kila mteja lazima aione, na injini kuukuu za dizeli naletewa hata kutoka Mumosho. Hakuna aliyenishika mkono mpaka hapa.

Juzi waliniletea injini ya silinda moja, ya zamani kweli, ya kuwashwa kwa mkono. Nilipoizungusha ikashika, ikaanza kupiga tak-tak-tak, nami nikaiweka spana chini. Nilikuwa nimesharudi Nyantende bila kupanda gari.

Nyakulu, ndivyo sisi Washi tunavyomwita bibi, alikuwa na mashine ya kusaga ndani ya kibanda, yenye injini kama hiyo. Marehemu babu aliinunua kwa mzungu wa shamba la kenkina, ile miti ya dawa ya malaria, aliyekuwa akirudi kwao, na alipofariki, Nyakulu akakataa kuiuza. Nililelewa ndani ya kibanda kile. Nilinyonya, nikalala, nikaota meno katikati ya vumbi la unga, na tak-tak ile ndiyo ilikuwa wimbo wangu wa kulala. Wanawake walifika asubuhi na mabeseni ya mihogo mikavu na mahindi, wakakaa kwenye mbao wakisubiri zamu, wakisengenya. Pipa la kupozea injini lilitupa maji ya moto ya kuogeshea watoto. Viazi vitamu tuliviegemeza kwenye bomba la moshi. Viliungua nje, ndani vikabaki vibichi, vikanuka mazutu, ile dizeli, na sijala viazi vitamu kuliko vile.

Ng'ambo ya njia palikuwa na kanisa dogo. Katekista alikuwa mtu mpole, lakini ile tak-tak ilimshinda. Siku moja alikuja akiwa bado ameshika rozari.

"Maman, ile mashine yako iko inasali kuliko sisi. Tukisema Salamu Maria, yeye anajibu."

Nyakulu aliheshimu dini. Akamwita fundi kutoka mjini, mtu wa kofia ya ngozi. Fundi akafungua kifuniko cha juu, akatuonyesha kimkono cha chuma kinachogonga kichwa cha supapu, ule mlango mdogo wa kuingiza hewa na kutoa moshi. Kati ya kimkono na supapu palikuwa na nafasi nyembamba kama ukucha. "Kelele inatokea hapa," akasema, akakaza skrubu mpaka nafasi ikaisha. Mashine ikanyamaza, ikabaki kuunguruma tu. Wanawake wakapiga vigelegele, katekista akashukuru Mungu, fundi akaondoka na kuku. Kijiji kizima kilisherehekea ugonjwa.

Mimi sikulala vizuri usiku ule. Nilikuwa mtoto, lakini sikio langu lilijua kuna kitu kimeondoka.

Nilipomaliza shule ya msingi nikasema nataka shule ya ufundi, ya bweni, huko Uvira. Karo Nyakulu angeipata kwenye mashine, chakula hakuna. Basi wanawake wakaanza desturi yao: kila aliyemaliza kusaga aliacha bakuli moja la unga katika gunia langu. Hata jirani aliyesema sitarudi aliacha bakuli lake, tena la kujaa, huku akinung'unika. Nilitaka kushukuru, Nyakulu akanikataza. "Usiseme aksanti. Zawadi batu banaisahau. Deni ndiyo inarudishaka mutu kwabo. Ukikuwa fundi, utabasagia."

Nilikula unga ule miaka yote ya shule. Na miaka hiyo hiyo mashine ilizidi kudhoofika. Ilianza kukataa kuwaka, ikahitaji wanaume wawili kwenye manivela, ule mkono wa kuwashia, ikatoa moshi mwingi na nguvu kidogo. Niliporudi na diploma mfukoni, nilikuta kibanda kimefungwa. Nyakulu alikuwa amekubali kuiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na lori lilikuwa linakuja Jumamosi. Mashine ikiondoka, ningewasagia watu kwa kutumia nini? Kwa meno?

Nikamwomba anipe nafasi kabla ya lori. Watu wakajaa mlangoni, fundi wa kofia naye akaja kutazama.

"Mimi nilifunga vizuri," akawaambia. "Yeye anakuja kulegeza. Mutaona."

"Papa, ulifunga vizuri sana," nikamjibu. "Chuma kikipata moto kinarefuka. Ulikinyima mahali pa kurefukia, sasa supapu haifungi. Nguvu yote inatorokea kwenye mlango wake."

Nikaitoa supapu ya moshi; ukingo wake ulikuwa umeungua. Nikaisugua kwenye kiti chake, pale inapofungia, mpaka ikang'aa pande zote, nikairudisha. Nikazungusha gurudumu polepole hadi supapu zote mbili zikafunga na pistoni ikawa juu, injini ikiwa baridi, kama inavyotakiwa. Nikaingiza kijibamba cha kupimia kati ya kimkono na supapu, nikageuza skrubu mpaka kijibamba kikapita kwa kukwaruza kidogo, nikakaza nati bila kuiacha skrubu izunguke.

Nikashika manivela peke yangu. Ikawaka. Tak-tak-tak.

Nyakulu akakaa chini kwenye ubao, akafunika uso kwa kitenge.

Kibanda kile leo hakipo. Watu wanasagia kwa umeme, umeme ukipotea wanasubiri, na hakuna anayeogeshea mtoto maji ya injini. Nyakulu amelala karibu na kanisa. Lakini Jumamosi ile lori lilirudi tupu, nami nikasaga tangu asubuhi bila kupokea kitu, beseni baada ya beseni, kwa kila aliyewahi kunikopesha bakuli. Katekista alipita, akasimama kidogo, akasema, "Acha ijibu."

Jirani alikuja wa mwisho. Akasugua unga kati ya vidole, akautia ulimini.

"Iko laini," akasema. "Basi. Deni yako imeisha kwa batu yote. Sasa unaweza kuenda mahali unataka."

Nyakulu alisikia. Akainuka, akachota bakuli la unga kutoka beseni lake mwenyewe, ukiwa bado moto, akaniwekea mikononi.

"Usiseme aksanti," akaniambia.