Gorogoro Mbili za Kuku

Harufu ya kinu cha kusaga pale Mukuyuni ilikuwa ya unga moto na dizeli, na hata leo ikinipata, hesabu huanza yenyewe kichwani: nani yuko mbele yangu, na gunia lake lina nini. Nilikuwa na miaka tisa, mikono myembamba kama kuni za kuwashia moto, tumbo limefura kama la mtu aliyetoka harusi mbili. Nilikuwa nimepewa dawa ya minyoo mara tatu, na mara tatu minyoo haikuonekana. Mwishowe daktari akapima damu, akachunguza na utumbo, akamwambia Mama ni siliaki: gluteni iliyomo kwenye ngano na shayiri huniumiza utumbo, na tiba ni kuiacha maisha yangu yote. Niliomba chapati moja ya Krismasi, nikashuka hadi nusu, nikashuka hadi robo. Mama hakunipa hata ukingo.

Tukabaki na uji na ugali wa mtama wetu wenyewe. Bado nikaharisha, bado nikakosa shule, na kila asubuhi Mama akanitazama mifupa ya shingo. Jumamosi moja, nimekalia mtama wetu kwenye foleni, nikamwona aliyetutangulia akimimina nafaka za uji: wimbi, soya, ngano. Nikaangalia mara ya pili. Ilikuwa ngano, na mtama wetu ndio uliofuata mashineni.

"Mwaitu," nikamwambia Mama, "tunakula ngano ya watu."

Kioko, mwenye kinu, alisema hawezi kusimamisha foleni ili aoshe mashine kwa ajili ya mtoto. Nikamwambia asioshe. Tutakuja alfajiri, tuwe wa kwanza, gorogoro moja ya mtama wetu, ule mkebe wa kupimia wa kilo mbili, ipite ikikomba mabaki ya jana, na unga huo awape kuku wake.

"Mbili," akasema Kioko.

Nikakubali papo hapo, jambo ambalo sijalirudia sokoni tangu siku hiyo, kwa sababu mbili zingekomba vizuri zaidi.

"Huyu ulimzalia sokoni?" akamuuliza Mama.

Kuku wa Kioko walinenepa kabla yangu, lakini niliwafuata. Siku hizi nina kinu changu kidogo jikoni, hakijawahi kuonja ngano, na pakiti za dukani nazisoma mara mbili. Nikirudi nyumbani bado humpelekea Kioko gorogoro mbili za mtama. Hakuna cha kukomba tena, ila tulikubaliana.