Jeshi la Kushi kwa Milimita Kumi na Tano

Jumanne, vumbi la msasa likiwa limenijaa mpaka nyusi, simu ya gereji yangu hapa Umbilo, Durban, ikalia: Mwalimu amefariki. Wengi wenu mlimjua kama yule Mkenya mrefu wa Berea, aliyefundisha historia chuoni na ambaye kisukari kilikuwa kikimnyang'anya macho polepole. Mimi nilimjua kama jemadari. Mnisamehe basi kama leo siandiki kwa huzuni inayotakiwa. Kila nikimkumbuka damu inanichemka kama ya mtu anayesubiri mpira uanze.

Tulikutanishwa na gari lake. Liligongwa mlango likiwa limesimama kwenye robot, taa za barabarani, akaniletea nilipake rangi. Kabla hatujaelewana lolote, akatoa mfukoni askari wa kuchezea, wa madini, mdogo kuliko kidole gumba, ngao nyekundu mkononi.

"Mzee, nyekundu kama hii unaweza kunichanganyia?"

"Gari zima?"

"Gari lipake upendavyo. Nyekundu ni ya ngao."

Nilidhani ana wazimu. Jumamosi iliyofuata nilikuwa kwake, nimeinamia meza ya kulia chakula iliyotandikwa kitambaa cha kijani, nasukuma wapanda farasi wa Kirumi, natupa dadu na kupiga kelele. Mimi niliyeishia darasa la nne, niliyejenga gereji kwa mikono hii, sikuona aibu hata chembe. Wakubwa wa nchi zetu wanacheza vita na watu wa kweli. Sisi tulicheza na vipande vya madini, na jioni kila mtu alirudi kwake na miguu yake yote miwili.

Askari wale walikuwa wa jirani yake, na jirani alipohama alihama nao. Ikabidi tuagize wetu kutoka ng'ambo, na kabla ya kuagiza lazima kikundi chetu kizima cha wachezaji kikubaliane kipimo, yaani urefu wa askari. Hapo hakuna mzaha, ukichagua umefunga ndoa. Askari wa milimita ishirini na tano hawezi kupigana na wa kumi na tano. Ataonekana kama jitu lililovamia shule ya chekechea. Mimi na kinyozi wetu, Mkongomani mwenzangu, tulitaka wakubwa. Unamwona mtu uso, unamwona masharubu, na rangi inakaa vizuri. Kinyozi alimwinua mdogo mmoja tuliyetumiwa kama mfano, akamgeuza dirishani na kuniuliza.

"Papa, huyu iko mtu ao iko punje ya mchele?"

"Na wewe, Mwalimu," nikamwambia bila kupepesa, "kwa macho yako hayo utampakaje rangi huyu? Si utapaka meza?"

Alicheka kuliko sisi sote. Nikajua maneno yamekwisha: mtu anayepoteza macho, nani kama yeye kutaka askari wakubwa? Kumbe sivyo.

"Hao wakubwa," akauliza, "Wakushi wamo?"

Tukapekua vitabu vya watengenezaji. Warumi tele, Wagiriki tele, Waajemi na ngamia zao. Wapiga mishale wa Kushi, wale walioshuka na Mto Nili wakaitawala Misri, hakuna hata mmoja. Kwenye milimita kumi na tano walikuwepo wote, na magari yao ya farasi, na mfalme wao.

"Maisha yangu yote nawaambia wanafunzi kwamba Waafrika walikuwa na majeshi," akasema. "Nataka kuliona moja kabla giza halijafunga. Mkitaka wakubwa, chukueni. Lakini mjue mnachagua nani abaki nje ya meza."

Kinyozi akakuna kichwa. "Eish, Papa. Hapo ametuchapa."

Tukaagiza wadogo. Walipofika, mkono wa kinyozi uliozoea wembe ndio uliowapaka, mimi nikachanganya rangi, na Mwalimu akakaa nyuma yetu akitusumbua: "Mzee, hiyo ni kahawia ya kabati! Hao ni watu!" Nikachanganya upya, nikitukana kimoyomoyo.

Siku ya vita, Kushi na Waashuri, walijaza meza kutoka ukingo hadi ukingo. Hapo ndipo nilipoelewa, nywele zikanisimama. Kwa kipimo nilichokitaka mimi tungepata watu wachache wenye masharubu mazuri wanaosubiri taxi. Hili lilikuwa jeshi! Mwalimu akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Unawaona?" nikamwuliza.

"Mmoja mmoja, hapana. Lakini jeshi ninaliona. Mzee, ninaliona lote!"

Wakushi walipigwa vibaya mchana ule, naye akashangilia kila mshale waliorusha.

Ninakaa katika mikutano mingi hapa Durban, ya kanisa, ya wafanyabiashara, ya sisi tuliokimbia kwetu. Kila mara waliokwisha kupata kiti ndio wanaopanga kipimo, na wanakipanga kinachofaa macho yao. Mimi sikusoma, kwa hiyo nasema wazi. Kabla hamjapiga kura, ulizeni ni nani hatengenezwi kwa kipimo hicho. Mkiona ni mtu anayestahili kuwepo, badilisheni kipimo, hata kama itawabidi kukodoa macho.