Njia Kwenye Usukani

Fundi akikata mpira wa ndani wa baiskeli, harufu ile hunichefua hadi leo.

Vita vilikuwa vimegawa mitaa, kila kabila na mtaa wake, na baba, aliyepeleka maziwa kwa baiskeli, alikuwa akipotea njia. Nikamwandikia njia kwenye kipande cha boksi, tukakifunga kwenye usukani kwa vipande vya mpira wa ndani. Mwalimu alitufundisha kuanza na mahali unapotoka. Juu kabisa niliandika mtaa wetu: Nyumbani, Ngagara.

Nilikuwa nimekaa nyuma ya baba tuliposimamishwa kwenye bariyeri, kizuizi cha vijana wa upande wa pili. Kijana mmoja akakisoma kile kipande taratibu.

“Nani aliandika?”

“Ni mi.”

“Unaandika muzuri, mutoto. Shuka.”

Walibaki na baba. Kijana akafungua vile vipande vya mpira, akabaki navyo, akanipa boksi langu.

“Soma kutoka chini, utafika kwenu.”

Palipoandikwa kushoto nilikata kulia. Nilifika.