Faili za Ondieki

Kwa siku tatu mfululizo Bonareri aliandika amri ileile na kupata jibu lilelile: huna ruhusa.

Alikuwa taipisti katika duka la uchapaji la Shashikant, mjini Kisii, mwaka wa 1996. Diski ya kompyuta ilikuwa imejaa pomoni, na mitihani ya shule iliyotakiwa Ijumaa haikuwa na pa kuhifadhiwa. Alitenga folda ya takataka ili ahamishie humo faili kuukuu kwanza, asije akafuta kitu cha maana. Zake zilihama mara moja. Lakini zilizoijaza diski zilikuwa za Ondieki, taipisti aliyemtangulia, na mashine haikumruhusu mtu mwingine kuzigusa. Neno la siri la kufungulia kila kitu alilijua Ondieki tu.

"Si umpigie simu?" Shashikant aliuliza.

"Kwao Nyamache hakuna simu, mzee. Na ni mgonjwa."

"Basi nenda."

Alifika saa nane mchana, viatu vimelowa tope. Jemimah, mke wa Ondieki, alimwingiza chumbani. Ondieki alikuwa amelala ubavu, mashavu yamebonyea. Bonareri aliona haya kumweleza mtu wa hali ile habari za diski, lakini alieleza.

"Unataka kuzitupa zote?"

"Zote, Baba Gladys. Nafasi imekwisha."

"Kuna moja inaitwa nyimbo. Ni nyimbo za kanisa letu, za lugha ya Ekegusii. Nilikuwa nazichapa saa ya chakula. Hiyo uiache."

Kisha akamtajia neno la siri, herufi moja moja, mara mbili, kwa sababu sauti ilikuwa inapotea.

Kesho yake faili zilihama zote, isipokuwa ile moja, akaifuta folda ya takataka na nafasi ikapatikana. Bonareri hakupata raha aliyoitarajia. Alichapa mitihani hadi mgongo ukamuuma, ndipo akaifungua ile ya nyimbo: kurasa arobaini, ya mwisho imekatika katikati ya ubeti. Alimwomba Shashikant karatasi za kuchapia kurasa hizo, naye akakubali bila kuinua macho.

Jemimah alipelekewa habari, akazifuata Jumatano, akazifunga kwenye leso.

"Mwambie ubeti wa mwisho haujaisha," Bonareri alisema. "Akipata nguvu akutajie, uniletee niumalizie."

"Nitamwambia," Jemimah alijibu, akatoka.

Bonareri akavuta kiti. Kadi za harambee zilikuwa zinamngoja.