Glasi arobaini za Germana, na nta isiyotaka haraka

Saa moja kasoro robo asubuhi, nyuma ya jiko la hoteli moja ya watalii, mlimani juu ya kijiji cha Rhotia, Germana Vedasto anapindua glasi ya mshumaa juu ya kiganja na kusubiri. Hakuna kinachodondoka. Anairudisha kwenye sinia taratibu.

"Bado baridi haijaingia," anasema. "Ukiilazimisha, inakufia mkononi."

Ziko arobaini. Jana zilipamba meza za wageni. Leo kila moja ina nta iliyoganda chini. Ni glasi nyembamba za kuagizwa nje, na za akiba zilishakwisha. Mwezi uliopita zilivunjika tatu, kuna mtu alichokonoa nta kwa kisu. Hakuwa Germana, lakini anayesimama kwenye sinki ndiye anayeulizwa.

Meneja alimweleza bila kuzunguka: mkataba unaisha Jumamosi, na ikivunjika hata moja kabla ya hapo, hauongezwi. Mama huyu wa watoto wanne ana miaka kumi na mmoja hapa. Shamba lake la mahindi halikutoa hata magunia mawili msimu uliopita, kwa hiyo usidhani ana pa kukimbilia.

Mbinu yake ameigundua mwenyewe. Alfajiri anazitoa glasi nje, baridi ya huku juu iibane nta. Nta ikisinyaa inaachia, anaibonyeza pembeni kwa kidole, inatoka nzima. Mafuta yanayobaki anayaosha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na kitambaa laini. Kisu ni mwiko. Maji ya moto ni mwiko zaidi, maana glasi iliyopigwa na baridi ikikutana nayo hupasuka palepale.

Nosim, binti kutoka Arash, kijiji cha wafugaji, aliyeanza kazi juzi, hajaambiwa hayo.

Anachokiona yeye ni mama mtu mzima aliyeinama, vidole vimekufa ganzi. Anamhurumia, anakuja na birika linalochemka. Kwao kibuyu cha maziwa husafishwa kwa kijinga cha moto. Nani angemwambia kuwa glasi inaogopa joto?

Birika linainama juu ya sinia. Germana hapati muda wa kusema neno. Anatanguliza mkono, analisukuma pembeni, na maji yote yanaishia kwenye ngozi yake na sakafuni.

"Yeyo, nisamehe," Nosim anamwambia kwa neno la kwao la kumwita mama. "Nilitaka upumzishe vidole."

"Najua, mwanangu. Hesabu glasi kwanza."

Arobaini, zote nzima. Ndipo Germana anapoutumbukiza mkono kwenye beseni la maji baridi na kufumba macho.

Saa tatu meneja anapita, anahesabu, anasema "safi sana" na kwenda zake. Beseni lenye mkono wa Germana liko mbele yake, wala haulizi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na inaudhi kulitazama jambo hili likitokea.

Germana hana hasira. Ana mpango.

"Kwanza nimfundishe huyu binti," anasema, mkono umeshavimba. "Halafu Jumamosi. Kwenye mkataba wameandika glasi ikivunjika itakuwaje. Wakinipa kalamu nisaini mpya, nitawauliza mkono wangu wameuandika wapi. Nitaogopa, ila nitauliza. Wasiponionyesha, sisaini."