Jozi Moja ya Njumu kwa Wasichana Wawili

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kabla ya Kakuma, safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa kutoka jikoni hadi kwa jirani kuomba chumvi, na hata hiyo nilikuwa nikirudi nimechoka. Kwa hiyo dada yangu alipojifungua kule Kakuma mwishoni mwa 2012, akanipigia simu nitoke Lodwar nikamsaidie kulea, familia nzima ilishangaa niliposema ndiyo. Mimi nilishangaa kuliko wote.

Mpira sikuufuata. Ulinikuta huko. Binti mkubwa wa dada alikuwa na miaka kumi na minne, mguu wa kulia kama rungu, na alikuwa amechaguliwa kwenye timu ya wasichana ya shule. Muhula wa kwanza wa 2013 wangesafiri kucheza Lodwar. Sijaona mtoto akitamani kitu namna ile. Alikuwa akilala na jezi.

Kocha wao alikuwa kijana Mkongomani, seremala kutoka kambi ya wakimbizi iliyo hapo Kakuma. Siku ya kwanza niliyowapelekea maji nilidhani kichwa chake kimepigwa na jua. Nusu saa nzima hakuna aliyegusa mpira! Wanaruka, wanatua, wanasimama mguu mmoja kama korongo, huku vipande vya katoni vimefungwa kwenye miundi yao kwa kamba.

"Tueni bila kelele!" alikuwa akipaza sauti. "Nikisikia mguu, munarudia!"

"Kocha," nikamwambia, "hawa si watamaliza nguvu kabla ya mechi? Kwetu Lodwar mtu anaingia tu, anapiga."

"Na magoti ya kwenu Lodwar iko namna gani, mama?"

Wasichana wakaangua kicheko. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na kila nilipoinama kuchota unga magoti yangu yalilia kama mlango mbovu.

Kisha ikaja habari ya viatu. Binti yetu na rafiki yake, msichana mrefu wa Sudan Kusini aliyepigia mguu wa kushoto, walikuwa na jozi moja ya njumu kwa wawili. Siku ya mechi ya kirafiki wakagombana uani kwetu.

"Kipindi cha kwanza ni changu!"

"Si ulivaa juzi mpaka mwisho?"

Hapo ndipo nilipotoa busara yangu. Kwetu Lodwar, kwenye mchanga wa kando ya mto, vijana walikuwa wakigawana jozi bila malalamiko: anayepigia kulia anachukua cha kulia, wa kushoto anachukua cha kushoto, na mguu uliobaki unajitegemea. Nikawagawia hivyo hivyo, na mguu wa pili nikawaambia wavae raba. Wakanitazama kwa heshima ambayo sikuwa nimeipata tangu nimalize kidato cha nne.

"Tangu lini umekuwa hakimu?" dada akauliza, mtoto kifuani.

"Tangu niingie nyumba isiyo na mwenye akili."

Kocha alichelewa siku hiyo. Ilikuwa siku yake ya kupanga foleni ya mgao wa chakula kambini. Nahodha akaniuliza mimi, mtu mzima pekee wa upande wetu, kama wapashe mwili moto kwanza. Niliulizwa mimi!

"Hifadhini nguvu," nikasema. "Jua hili litawapasha."

Uwanja wa Kakuma si mchanga wa mtoni. Ni udongo mkavu uliokaza kama sakafu, na juu yake kokoto. Hata dakika kumi hazijaisha, binti yetu aliukimbilia mpira, akageuka ghafla. Meno ya njumu ya kulia yakang'ang'ania ardhi. Raba ya kushoto ikateleza juu ya kokoto. Mwili ukaenda, goti la kulia likabaki.

Nilisikia yowe nikiwa kando ya uwanja, na sikuamini kwamba ni la binti yetu. Nikakimbia. Mimi, kukimbia! Nikapiga magoti kando yake, nikalishika lile goti na kuanza kulikanda kwa nguvu zangu zote, kama mama alivyokuwa akitukanda kwa mafuta ya mbuzi. Akapiga kelele kuliko mwanzo.

"Usimukande! Acha, mama, acha!" Kocha alikuwa anakuja mbio na mfuko wa unga begani.

"Si lazima damu itembee?"

"Imeshatembea sana. Ona!"

Niliangalia. Goti lilikuwa likiumuka mbele ya macho yangu. Kocha akauweka ule mfuko wa unga chini, akaupandisha mguu juu yake taratibu. "Barafu," akaniambia.

Barafu, Kakuma, saa tisa mchana. Nilikimbia tena, mara ya pili katika maisha yangu na siku hiyo hiyo, hadi kwa muuza duka Msomali mwenye friza ya jenereta.

"Sherehe gani, mama?"

"Goti!"

Hakuuliza lingine. Akanijazia mifuko ya maji yaliyoganda kwenye leso yangu.

Niliporudi, kocha alikuwa ameacha kutazama goti. Alikuwa anatazama miguu. Njumu mguu mmoja, raba mguu mwingine. Akageuka kumtazama yule rafiki, akakuta kinyume chake.

"Ni nani aligawa hivi biatu?"

Wale wasichana hawakuwa na uwezo wa kunyamaza hata kwenye maombi. Siku hiyo wote walitazama chini, wala hakuna aliyeninyooshea kidole.

"Mimi," nikasema.

Nilitegemea anifokee. Hakufoka. "Mama, wewe unaweza kutembea toka hapa mpaka sokoni, kiatu moja juu, ingine chini?"

"Siwezi."

"Yeye alikuwa anakimbia."

Kwenye zahanati daktari alisema mshipa wa goti umevutika, haujakatika. Apumzike, kisha mazoezi polepole, na asiguse mechi mpaka aweze kuruka kwa mguu huo bila maumivu wala goti kuyumba. Safari ya Lodwar ilikuwa imebakiza wiki tano.

Nilijihukumu kufanya mazoezi pamoja naye. Kila jioni tulisimama uani mguu mmoja, mimi nikiegemea ukuta na kudai siegemei.

"Anti, huo ukuta unauchosha," alikuwa akisema.

Wiki ya tano ikafika. Asubuhi ya safari kocha alimpima mbele ya timu: kuruka mara kumi kwa mguu wa kulia. Akaruka zote kumi, anacheka.

"Hakuna maumivu?"

"Hakuna, kocha."

Kocha akawa anaandika jina lake. Mimi peke yangu nilijua. Alfajiri nilikuwa nimemwona nyuma ya nyumba akijaribu kuruka vile vile, akishika ukuta, machozi yanamtoka, kisha anarudia mwanzo akijifunza kucheka huku anaruka. Nilimtazama mpaka mwisho, mtoto wa dada mgongoni.

"Kocha," nikasema, "anadanganya. Bado linamuuma."

"Anti!"

Sitalisahau jicho alilonipa.

Alisafiri nasi, lakini kama mtazamaji. Kutoka Kakuma hadi Lodwar alinipa mgongo. Rafiki yake alivaa njumu zote mbili na akacheza vizuri, ila tulifungwa bao moja dakika za mwisho, upande ule ule ambao binti yetu angekuwa. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi, mimi na yeye.

"Umenitoa mara mbili," akasema.

"Ya kwanza ni kosa langu kabisa. Ya pili hapana."

"Najua." Hakunigeukia. "Ndiyo maana nimekasirika."

Kisha akanisukuma kidogo kwa kiwiko, apate nafasi ya kunyoosha mguu.